Baba aliyemwita mwanawe Lamani

Nyumba ninayoichambua iko kwenye miteremko ya Uporoto, juu ya barabara itokayo Mbeya mjini kwenda Tukuyu. Wenyewe wameniruhusu kusimulia kisa chao ilimradi majina yasitajwe. Kuna baba na mama, wakulima wa viazi mviringo. Kijana wao wa kwanza, wa miaka 22, anayeendesha bodaboda. Binti wa kidato cha pili. Kitinda mimba wa darasa la nne. Na bibi mzaa baba. Wote isipokuwa bibi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Bibi ni Mmoravian, wa kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, na hana mpango wa kuhama. Jioni hukaa na wenzake sebuleni, akachambua maharage, akasikiliza.

Kisa ni cha mwaka 2024. Mwaka huo ratiba ya Njoo, Unifuate, mpango wa kanisa wa kujifunza maandiko wiki kwa wiki, iliwaweka waumini wote wa kanisa hili kwenye Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu wanalolisoma pamoja na Biblia, kama ilivyokuwa 2020. Tangu Januari 2019 ibada ya Jumapili ilipunguzwa kutoka saa tatu hadi mbili, na kazi kubwa ya kujifunza maandiko ikahamia nyumbani. Nalipenda sana badiliko hilo. Lakini limeweka mikononi mwa wazazi kitu ambacho zamani kilishikwa na mwalimu wa darasani, na mzazi ana mamlaka ambayo mwalimu hana: akisoma aya akamtazama mtoto fulani, nyumba nzima inajua aya hiyo imeelekezwa kwa nani.

Hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Desemba na Januari

Msimu ulikuwa mbaya. Mvua za Desemba zilikuja mfululizo, siku baada ya siku bila jua, na ukungu wa viazi ukaingia shambani. Anayelima Uporoto anaujua: madoa meusi kwenye majani leo, baada ya siku chache shamba linanuka na mashina yamelala. Dawa ya kukinga hupulizwa kabla ugonjwa haujaonekana. Ukishaona madoa umechelewa. Baba alichelewa, kwa sababu hela ya dawa ilikuwa imekwenda kwenye mbolea. Viazi vilivyopona vilikuwa vidogo, na dalali aliyefika shambani alitaka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida.

Mama alikuwa na mkopo wa kikoba uliochukuliwa kwa kutegemea mavuno hayo. Shule zikafunguliwa Januari. Ada kwenye sekondari za serikali haipo tangu 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana havijafutwa na mtu. Kwa hiyo nyumba ikaanza kula kwa pikipiki ya kijana. Naye hiyo pikipiki si yake, ni ya mkataba: kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo, kinachobaki ndicho chake. Kilichobaki kikawa unga, mafuta ya kupikia, sabuni, na umeme wa luku.

Mtu akiilisha nyumba kwa wiki kadhaa, sauti yake hubadilika. Kijana alianza kujibu. Siku moja baba alimuuliza kwa nini amerudi saa nne usiku, akajibu mbele ya wadogo zake, "Nikirudi saa kumi na mbili, kesho mtakula nini?" Hakutukana. Lakini kwa watu wa nyanda hizi, kijana kumwambia baba yake maneno hayo ni jambo zito kuliko tusi. Wazee wa Kinyakyusa zamani walikuwa na vijiji vya rika. Wavulana wakifika umri fulani walitoka kwa baba zao wakaenda kujenga na wenzao, na nina hakika sehemu ya hekima ya desturi ile ilikuwa kuwaepusha wanaume wawili wasikae chini ya paa moja wakigombea neno la mwisho. Siku hizi kodi ya chumba ni ghali na kijana wa miaka 22 bado analala chumba cha pili kutoka sebuleni.

Baba hakuwa na jibu la unga. Alikuwa na kitabu.

Jinsi kilivyosomwa

Kila Jumatatu nyumba hii hufanya jioni ya familia nyumbani, utaratibu ambao viongozi wa kanisa waliuhimiza tangu mwaka 1915, na siku nyingine husoma aya chache kabla ya kulala. Wana nakala moja ya kitabu na simu moja yenye Maktaba ya Injili, programu ya maandiko ya kanisa. Kwa kawaida binti ndiye hufungua sura ya wiki. Januari ile baba akaanza kuchagua mwenyewe. Alirudia tena na tena sehemu za 1 Nefi, kitabu cha kwanza ndani ya Kitabu cha Mormoni, ambamo Nefi anasimulia safari ya baba yake, nabii Lehi, na familia yake jangwani, hasa zile zinazowahusu ndugu wakubwa wa Nefi: sura ya 2, Lamani na Lemueli wakimnung'unikia baba yao kwa kuacha nyumba na dhahabu Yerusalemu, sura ya 3, wakimpiga mdogo wao kwa fimbo, sura ya 8, Lehi katika ndoto akiwaita waje kula tunda la mti nao wakakataa. Akimaliza alifunga kitabu na kusema, "Kila nyumba ina Lamani wake." Jumatatu moja akasahau mafumbo, akamnyooshea mwanawe kidole na kumwita hivyo waziwazi.

Kijana alisimama, akachukua helmeti, akatoka. Tangu siku hiyo Jumatatu ikawa siku yake ya abiria wa usiku. Kitinda mimba, kwa kuwa watoto hujifunza haraka, akaanza kumwita kaka yake Lamani wakigombania chaja.

Nasimama hapa kwa muda mrefu kidogo, maana naona baba hakuharibu kwa hasira peke yake. Aliharibu kwa usomaji. Alikuwa na kitabu sahihi mkononi na kurasa sahihi, lakini hakuzisoma kurasa hizo zinavyosema.

Tuanze na sura ya 2. Lehi anafika bondeni karibu na Bahari ya Shamu, panapita mto. Mto ule anauita Lamani. Kisha anamwambia mwanawe mkubwa kwamba anatamani awe kama mto huo, unaotiririka daima kuelekea chemchemi ya haki yote. Bonde analipa jina la Lemueli, akimtakia uthabiti wa bonde lile katika kushika amri. Hizi ni aya za 8 hadi 10, ukurasa uleule ambao baba wa kisa chetu aliutumia kama hati ya mashtaka. Lehi ana sababu zote za kuwakasirikia wanawe hawa, na anayajua manung'uniko yao vizuri, naye anachukua kitu kizuri kuliko vyote alivyokutana navyo jangwani, maji, anakipa jina la mtoto anayemsumbua. Katika kinywa cha Lehi, Lamani ni jina la maombi. Katika kinywa cha baba wa Uporoto lilikuwa jina la hukumu.

Sura ya 8 nayo inaishia pale ambapo baba hakuwa anafika. Baada ya kusimulia ndoto, Lehi anawasihi Lamani na Lemueli kwa hisia zote za mzazi mwenye upendo; ni aya ya 37. Anaogopa kuwapoteza, kwa hiyo anasihi. Ukisoma ndoto ukaacha aya hiyo umechukua habari ya tunda ukaacha habari ya baba.

Na kuna Yakobo 3, humohumo katika Kitabu cha Mormoni, ambayo ningetamani kila mzazi wa kanisa letu aijue kama anavyojua namba yake ya simu. Yakobo, ndugu yake Nefi, anawakemea wanaume wa Kinefi, watu wa upande wa Nefi, wenye kitabu, wenye hekalu, wenye nasaba njema. Anawaambia Walamani, uzao wa Lamani, mnaowachukia ni wenye haki kuliko ninyi, kwa sababu waume zao wanawapenda wake zao, na wake waume zao, na wote wawili wanawapenda watoto wao. Kwa hiyo mtu akitaka kulitumia jina la Lamani kuwapimia watu wa nyumbani kwake, Kitabu cha Mormoni chenyewe kinamrudishia kipimo: je, wewe unawapenda wanao kuliko yule unayemdharau?

Sura ya 16

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mahubiri ya mtu. Mama, baada ya Jumatatu mbili bila mwanawe mezani, alimwambia mumewe faraghani kwamba angependa warudi kwenye ratiba, na binti ndiye afungue. Alilisema kwa upole na hakutaja Lamani. Mumewe akakubali, pengine kwa kuwa hata yeye alikwisha kuchoka na ukimya wa nyumba. Mwishoni mwa Januari ratiba ilifika 1 Nefi 16. Mvua ilinyesha tangu alasiri, barabara ya udongo haikupitika, na kijana alikuwa ndani. Hakukaa sebuleni, alikaa jikoni, mlango wazi.

Sura hii watu wengi wanaikumbuka kwa upinde. Familia iko jangwani, inaishi kwa kuwinda. Nefi anavunja upinde wake wa chuma cha pua. Pinde za kaka zake zimelegea, hazivuti tena. Wanarudi kambini mikono mitupu, wamechoka, na njaa inaingia. Lamani, Lemueli na wana wa Ishmaeli, mzee wa familia waliyosafiri nayo, wananung'unika. Mpaka hapo baba alikuwa akiitikia kwa kichwa. Binti akaendelea aya ya 20: na baba yangu pia akaanza kumnung'unikia Bwana Mungu wake.

Bibi akaacha maharage. Akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Huyo mzee naye? Mwenye ndoto?"

Hakuna aliyejibu. Bibi hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Hakijui kitabu hiki, aliuliza kama anayesikia habari kwa mara ya kwanza, na nadhani ndiyo maana swali lake lilipenya. Baba aliomba simu, akaisoma aya ile mwenyewe kwa sauti ya chini. Halafu akamwambia binti aendelee.

Aya ya 23 ndiyo moyo wa kisa hiki kwangu. Nefi anachonga upinde wa mti na mshale wa kijiti kilichonyooka, anachukua kombeo na mawe. Chombo anacho. Nguvu anazo. Yeye ndiye pekee mwenye uwezo wa kuwinda siku ile, na baba yake ameanguka moyo hadharani. Kwa hesabu ya kawaida ya dunia, uongozi umehama. Lakini kabla hajapiga hatua anakwenda kwa Lehi na kumuuliza: niende wapi kutafuta chakula?

Angeweza kumwomba Mungu yeye mwenyewe. Alikuwa ameshazungumza na Mungu mara nyingi, na malaika amemtokea. Kwa hiyo hakuuliza kwa kukosa njia nyingine. Aliuliza kwa sababu kiti cha baba yake kilikuwa wazi na hakutaka kukikalia. Na tazama kinachofuata: Lehi, kwa kuulizwa, anakwenda kumwomba Bwana. Sauti ya Bwana inamkemea kwa manung'uniko yake hata anazama katika kina cha huzuni. Kisha anaambiwa atazame lile tufe la shaba, ambalo baadaye Alma, nabii wa vizazi vya mbele, analiita Liahona, na maelekezo yanapatikana humo. Nefi anapanda kilele cha mlima, anapata wanyama, anarudi na nyama, na watu wanafurahi.

Mpangilio huo una maana. Aliyemkemea Lehi ni Bwana. Mtoto aliuliza swali tu, na swali lenyewe likampa mzee sababu ya kuinuka. Kama Nefi angesema, "Baba, ulikosea kunung'unika," angekuwa amesema kweli na wangelala njaa.

Lakini nisilainishe maandiko kupita yalivyo. Aya ya 22 na ya 24 zinasema Nefi alizungumza maneno mengi kwa watu wake, kwa nguvu zote za nafsi yake, na walinyenyekea kwa ajili ya maneno hayo. Hakuwa kijana wa kunyamaza. Kitu kingine: aliyaandika manung'uniko ya baba yake kwenye mabamba ya madini alimoweka kumbukumbu zake, yakafika kwetu. Heshima yake kwa Lehi haikuwa ya kuficha. Nalisisitiza hili kwa sababu najua wapo wazazi watakaoisoma sura ya 16 kisha waseme, "Unaona? Mtoto anyamaze, amuulize baba." Sura haisemi hivyo. Na pale ambapo nyumbani kuna kipigo, ulevi au jambo baya zaidi, mtoto asipewe sura hii kama kamba ya kumfunga. Huyo anahitaji mtu wa kumtoa hapo, shangazi, mwalimu, mtendaji wa kijiji, dawati la jinsia la polisi. Kisa chetu ni cha baba mwema aliyevunjika moyo, na usomaji wangu una mipaka hiyo.

Nusu eka

Hakuna aliyelia usiku ule wala kuombana msamaha. Walimaliza kwa sala wakalala. Siku kadhaa baadaye kijana alirudi mapema, akamkuta baba yake akikarabati uzio wa mbuzi. Akamsalimia, akachuchumaa kando yake. Alikuwa amebakiza fedha kidogo aliyoificha kwa ajili ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Akasema, "Baba, nikiwa na hela ya kukodi nusu eka, nikodi wapi?"

Mama, aliyesikia kutoka jikoni, ananiambia mumewe alikaa kimya mpaka akafikiri hatajibu. Kisha akaanza kuzungumza na hakunyamaza mpaka chakula cha jioni. Alijua mambo ambayo hakuna aliyemuuliza kwa miezi: mteremko gani unapata jua la asubuhi mapema, hivyo majani yanakauka umande na ukungu hauenei haraka, bonde gani lina maji ya kumwagilia kiangazi, msimu ambao ugonjwa hupungua na bei sokoni Mwanjelwa hupanda, nani anauza mbegu kutoka shamba safi. Akakiri pia, bila kuulizwa, kwamba alikuwa amepanda viazi juu ya viazi kwenye ardhi ileile bila kuipumzisha kwa mahindi au maharage, na mnyauko ulikuwa umeanza kukaa kwenye udongo kabla hata ukungu haujaja.

Kijana alikuwa na upinde wa mti. Baba alijua mlima upi. Sioni njia nyingine ya kulieleza jambo hili isipokuwa kwa maneno ya sura yenyewe, na hivi ndivyo ninavyoelewa agizo la Nefi katika 1 Nefi 19:23, kwamba tuyalinganishe maandiko na sisi wenyewe kwa faida yetu na kujifunza kwetu. Kulinganisha si kuwagawia watu wa nyumbani majina ya wahusika. Ni kulitafuta tendo la kwenye kitabu ambalo mkono wangu mimi unaweza kulifanya kesho asubuhi. Kijana alifanya tendo moja: aliuliza.

Na baba alikuwa na lake. Jumatatu iliyofuata, kijana akiwa sebuleni, alisema mbele ya wote, mama yake mzazi akiwepo, "Nilikuita jina ambalo si lako. Unisamehe." Kwa kitinda mimba akaongeza kwamba asisikie tena jina hilo likitumika kwa kaka yake. Kijana akajibu, "Na mimi baba, yale maneno ya chakula." Hayakuzidi hapo. Bibi alisema jina jema hung'ara gizani, wakaimba, wakala vitumbua.

Naona uzito wa jambo hilo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Katika nyumba nyingi za kwetu baba akikosea huleta nyama, au humnunulia mtoto viatu, na mtoto anatakiwa kuelewa. Lehi hakupata nafasi hiyo. Kukemewa kwake na Bwana kumeandikwa, na wanawe walijua. Baba wa kisa hiki aliniambia kilichomsukuma ni neno lile la kina cha huzuni. Alisema kabla ya hapo alidhani ni yeye peke yake mwanaume aliyewahi kufika huko akiwa bado ni kichwa cha familia.

Mama yuko wapi?

Wiki iliyofuata mama ndiye aliyeleta swali gumu. Katika sura ya 16 yote Saria, mke wa Lehi, hasemi neno. Nani alikuwa akiwanyamazisha watoto wakati wanaume wananung'unika na kuchonga pinde? Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akikutana na wanakikoba wenzake kila wiki na kutafuta maneno ya kuwaambia.

Binti akatafuta kwenye simu. Katika sura ya 17, aya ya 2, Nefi anasema wanawake wao walinyonyesha watoto kwa wingi huku wakila nyama mbichi, wakawa na nguvu, naam, kama wanaume. Na sura ya 5: Saria akidhani wanawe wamekufa Yerusalemu, anamlalamikia Lehi, anamwita mtu wa maono, mtu aliyewatoa katika urithi wao ili wafie nyikani. Lehi hamwiti mnung'unikaji. Anakubali kwamba ndiyo, ni mtu wa maono, kisha anamfariji. Wanawe wanaporudi, Saria anatoa ushuhuda wake mwenyewe, na Nefi anauandika.

Mama alimtaka mumewe asome sura hiyo ya 5 kwa sauti. Alisoma. Matokeo yake yalikuwa ya vitendo kabisa: safari iliyofuata ya kikoba walikwenda wote wawili, na baba ndiye aliyeeleza habari za ukungu na kuomba muda. Wakapewa muda, pamoja na riba, kwa sababu kikoba ni kikoba.

Mwezi Mei walipofika kwa Mfalme Benyamini waliipitia Mosia 4, sura ya hotuba yake katika Kitabu cha Mormoni, kwa kasi, lakini aya mbili zilishika. Ya 28 inasema anayeazima kitu kwa jirani arudishe alichoazima. Kulikuwa na bomba la kupulizia dawa la jirani lililokaa stoo tangu Desemba kwa sababu ya aibu ya kukutana naye. Kitinda mimba alitumwa kulirudisha kesho yake, limeoshwa. Na ya 27, kwamba mtu hatakiwi kukimbia kupita nguvu zake, ilimfikia kijana aliyekuwa akiendesha mpaka saa tano usiku. Walikubaliana saa tatu. Hesabu ya mwenye pikipiki haikupungua, kwa hiyo baadhi ya siku bado anapitiliza.

Kuitwa pembeni

Agosti walikuwa Alma 36 hadi 42, maneno ya Alma kwa wanawe watatu: Helamani, Shibloni na Koriantoni. Wakati huohuo binti wa kidato cha pili alikuwa amekutwa na simu ya rafiki shuleni, yenye ujumbe kutoka kwa mvulana wa mjini. Kishawishi kilikuwa kikubwa. Koriantoni aliacha huduma akamfuata mwanamke. Sura ya 39 iko pale imesubiri, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Baba hakuisoma mbele ya wote. Alikuwa ameona jambo mwishoni mwa sura ya 35: Alma aliwakusanya wanawe ili ampe kila mmoja agizo lake, mbalimbali. Shibloni hakukalishwa asikie makosa ya Koriantoni yakichambuliwa. Na kabla ya yote, katika sura ya 36, Alma anamsimulia Helamani dhambi za ujana wake mwenyewe bila kujipunguzia. Basi baba alimchukua binti wakaenda wote mashine ya kusaga, mwendo wa nusu saa, ndoo ya mahindi kichwani kwa kila mmoja. Walichozungumza sikukiuliza. Jumatatu ile walisoma sura ya 37 kuhusu Liahona, na binti ndiye aliyeongoza.

Sasa nyumba hiyo ina kanuni, na ni ya baba mwenyewe: kosa la mtu halisomwi sebuleni. Mwenye jambo na mwanawe amwite pembeni. Jumatatu ni ya wote, na anayefungua kitabu asimtazame mtu.

Sijui nyumba yoyote ya waumini ambayo isingepona kidogo kwa kanuni hiyo.

Mambo mengine yako nusunusu. Kijana hukosa Jumatatu pale abiria wanapokuwa wengi, na mama hukasirika. Baba bado anasoma kwa kirefu mpaka kitinda mimba analala. Bibi amesema wazi kwamba Nefi anampenda lakini habatizwi mara ya pili. Nusu eka ya bondeni, iliyopandwa kwa mbegu safi na kupuliziwa kabla ya madoa, ilivunwa kabla ya mvua za Novemba. Ilitoa viazi vya kuuza, si vya kutajirisha. Fedha waliigawa baba na mwana wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya nyumba, daftari katikati: kwanza kikoba, halafu mbegu ya msimu ujao, kilichobaki kikarudi kwenye akiba ya pikipiki. Shamba la zamani wamelipanda maharage.